Tembo Wangu, Shamba Lako

Mchana mmoja wa msimu wa bajeti nilikuwa nakula wali maharage kwa mama lishe mmoja hapa Tandale, hatua chache kutoka Mto Ng'ombe. Redio ilikuwa inarusha Bunge kutoka Dodoma. Mbunge alikuwa anauliza ni lini wananchi wake watalipwa kifuta jasho baada ya tembo kula mashamba yao. Kijana wa bodaboda aliyekaa mbele yangu akadakia: "Tembo wanakula, serikali inafuta jasho!" Tukacheka. Mama mwenyewe hakucheka.

"Cheka tu, mwanangu," akaniambia huku akiniongezea mchuzi. "Mpunga wa baba uliisha usiku mmoja."

Kwao ni Tunduru. Tembo waliingia shambani usiku, wakala wakashiba, wasichokula wakakikanyaga. Baba yake akaenda kutoa taarifa, watu wakaja kupima, wakaandika, wakaondoka. Fedha zilipofika, misimu miwili ilikuwa imepita, na hazikurudisha hata gharama za vibarua. Wakati huo yeye alikuwa ameshapanda basi la Dar es Salaam.

Niseme ukweli: maisha yangu yote nimekuwa upande wa tembo. Niliposoma kwamba idadi yao nchini ilishuka kutoka takribani 110,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, nililia, na sioni haya kusema. Operesheni Tokomeza ilipoanza Oktoba 2013 kuwasaka majangili, niliishangilia. Miezi miwili baadaye kamati ya Bunge ikasoma taarifa yake kuhusu operesheni hiyo: wananchi walipigwa na kudhalilishwa, wapo waliokufa, mifugo ilipotea. Desemba 20 mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao. Mimi nilinung'unika kwamba wanasiasa wanawalinda majangili. Sikuwa nimemwona tembo hata mmoja, isipokuwa kwenye noti na kwenye televisheni.

Mapenzi ya namna hiyo ni rahisi sana. Tandale hakuna tembo wa kumvunjia mtu ghala. Wanyamapori wetu ni kunguru wanaonyang'anya watoto maandazi, na panya.

Tangu siku ile neno lililonisumbua ni "kifuta". Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za malipo kwa watu wanaodhuriwa na wanyama wakali: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kwa aliyeuawa, familia ilipangiwa shilingi 1,000,000. Wabunge wamelalamikia viwango hivyo mara nyingi, na kila wanapolalamika Wizara ya Maliasili na Utalii huwakumbusha kwamba hayo si malipo ya fidia. Wako sahihi kabisa. Fidia hudaiwa. Kifuta machozi ni kama rambirambi: unatoa ulichonacho, na mfiwa hawezi kukwambia hakitoshi.

Lakini rambirambi hutolewa na jirani ambaye hahusiki na kifo. Je, hapa hakuna anayehusika? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama hawa ni mali ya umma, Rais akiwashika kama mdhamini. Mbuzi wangu akila mihogo yako hatutaitana kwa mwenyekiti wa mtaa ili nikufute jasho. Nitalipa mihogo. Na kama tembo ni mali ya umma, basi ni wangu pia, mimi ninayekula wali Tandale. Ni mimi niliyetaka walindwe. Mkulima wa Tunduru alizuiwa kuwaua, na ni haki azuiwe, lakini gharama ya katazo hilo akaachiwa yeye.

Najua jibu la upande wa pili, na si la kipuuzi. Ukilipa thamani kamili, kuna watakaolima katikati ya ushoroba makusudi, na hakuna bajeti itakayotosha. Ndiyo maana kanuni zile ziliangalia umbali: anayelima chini ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi hakulipwa, kisha kiwango kikapanda kutoka shilingi 25,000 kwa ekari hadi 100,000 kwa aliye mbali zaidi ya kilomita 5. Hoja iliyo chini yake ni moja: uliye karibu, umejitakia.

Hapo ndipo mimi mkazi wa Tandale ninaposhtuka, kwa sababu wimbo huo naujua. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mto ukifurika na maji yakaingia hadi kwenye godoro, huku ndiko kusemwa kwetu: mnakaa mabondeni, mmejitakia. Hakuna anayeuliza kwa nini chumba cha bei nafuu kiko mtoni, au takataka zilizoziba mto zilitoka mitaa mingapi ya juu. Nimechota tope chumbani kwangu kwa sufuria huku nikisikia maneno hayo redioni. Kisha nikaenda kuyasema, kwa sauti nyingine, juu ya watu wa Tunduru.

Nilimuuliza Mama kama angetaka tembo wale wapigwe risasi. Akaniangalia kama niliyesema jambo la kitoto.

"Mnyama ana kosa gani? Amesikia njaa. Sisi tulimsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe nani, Mama?"

"Sasa mimi nitajuaje? Mlisoma nyie."

Akaondoka na sahani ya kijana wa bodaboda. Redioni Spika alikuwa ameshaita swali jingine, la barabara. Nikaacha shilingi 2,000 chini ya glasi, bei ya wali, nikatoka.