Arabuni Langoni

Usiku wa Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotema moto, sisi wa Goma tulimiminika Grande Barrière, mpakani na Rwanda, na magodoro kichwani. Pale kwenye msongamano, mbele ya kizuizi, niliapa: nitanunua nyumba Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nilikozaliwa. Nikauza vitenge mwaka mzima na zaidi mpaka bibi mmoja mjane wa Rugerero, jirani na Gisenyi, akaikubali bei yangu: milioni kumi na nane za faranga, arabuni laki tano, na nikimaliza deni twende tukasaini kwenye ofisi ya sekta. Mashahidi wawili wakanywa pombe yao. Bibi akazihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akasema, "Sasa nitalala, mwanangu."

Wiki haijaisha, dalali, ambaye huku tunamwita komisioneri, akanipigia. Kuna nyingine karibu na ziwa, ina tangi la maji na geti la chuma, na bei ni ileile. "Mama, toa avansi kidogo tu, uzishike zote mbili. Utachagua baadaye."

Kesho yake asubuhi nikawa kwenye foleni ya Grande Barrière na dola mia mbili. Tangu Juni 2022 mpaka ulikuwa unafungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo ilibidi niamue upesi. Na nani angenilaumu? Goma mtu hujifunza kuwa na milango miwili kabla hajajua kusoma. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Waliokuwa na nyumba moja, wengine walibaki na sufuria waliyokimbia nayo. Kwetu tegemeo la pili si tamaa, ni akili.

Mbele yangu kwenye foleni alisimama mwalimu wa madrasa ninayevuka naye mara nyingi. Nikamweleza. Hakunihubiria, aliniuliza tu: "Wewe na huyo bibi bado mko kwenye kikao kile kile?"

"Hapana, mwalimu. Tulishaagana."

"Basi hiari yako uliiacha palepale."

Akanifafanulia kwamba kwao mwuzaji na mnunuzi wana hiari ya kughairi maadamu hawajaachana, na kwamba Mtume alikataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Kuhusu arabuni yenyewe, ile inayopotea mnunuzi akighairi, wanazuoni wamehitilafiana: Abu Hanifa, Malik na Shafii waliikataa, Ahmad bin Hanbal akairuhusu. "Lakini hata anayeiruhusu," akasema, "hajaruhusu uifiche."

Neno hilo la arabuni mimi nalijua kutoka kanisani. Paulo, akiwaandikia Waefeso, analitumia kumtaja Roho Mtakatifu: malipo ya kwanza ya urithi ambao haujafika. Nimelisikia tangu utotoni bila kulipima kwa fedha. Siku ile kwenye foleni nikalipima. Mungu aliyeniwekea mimi arabuni, je, kama angekuwa ameweka avansi nyingine kwa jirani, akingoja aone ni nani kati yetu atakayefaa zaidi? Ningelala?

Hapo nikaelewa kilichouzwa Rugerero. Kwa laki tano sikuwa nimenunua matofali, maana yalikuwa bado ya bibi. Nilikuwa nimenunua kungoja kwake. Kila siku anayomfukuza mnunuzi mwingine kwa ajili yangu ni siku ninayotumia mimi, naye anaitoa akiamini neno langu ni moja.

Woga wangu ni wa kweli. Mlima uko palepale na huwaka usiku. Ila woga ni wangu, na gharama yake inapaswa kutoka mfukoni mwangu. Nikitaka mlango wa pili, ruksa: niende kwa bibi mchana kweupe, nimwambie nimeghairi, laki tano zipotee, ndipo niende ziwani. Kushika zote mbili kimyakimya ni kumbebesha mzee woga wangu akiwa usingizini. Ibrahimu, mgeni asiye na hata shamba, aliponunua pango la Makpela kwa Efroni ili amzike Sara, alipima shekeli 400 za fedha langoni mwa mji, wote wakisikia. Lango ni mahali pazuri pa kununulia kwa sababu hapana kona ya kujificha.

Nilipovuka sikwenda ziwani. Nilipanda pikipiki mpaka Rugerero, nikamwambia bibi habari zote, pamoja na tangi. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso.

"Wamekuja wawili tangu siku ile," akasema. "Nikawaambia nyumba ina mwenyewe. Ukitaka kuniacha, niambie leo. Wa pili anarudi Musanze kesho asubuhi."

"Sikuachi, bibi."

"Basi kaa, uji uko motoni."

Nikanywa uji haraka, nikawahi mpaka kabla ya saa tisa. Leo naishi Rugerero, na maji nateka kwa madumu. Nikipita njia ya ziwani, lile tangi nalitazama, na wivu bado ninao.