Jina Lisiloandikwa: Kamĩrĩĩthũ na Deni la Mwanahistoria

Makala haya yanadhamiria kujadili swali moja la kimaadili: je, anayeunga vipande vya historia ya kikundi cha maigizo cha kijijini anawiwa nini na wale ambao majina yao hayakuandikwa?

Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilichoko Limuru, ni mfano mwafaka. Wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu zaidi ya 2,000. Mnamo Oktoba 1977 waliigiza humo Ngaahika Ndeenda, tamthilia yenye majina ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwezi uliofuata serikali ililipiga marufuku igizo hilo, na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Hayo yamehifadhiwa vitabuni. Lakini je, waigizaji na watunzi wa kijijini wamehifadhiwa wapi?

Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anakiri kwamba nyimbo za gĩtiiro zilizomo katika tamthilia hiyo zilitolewa neno kwa neno na mama mmoja mkulima asiyejua kusoma. Mama huyo hatajwi jina. Hapa ndipo penye utata.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba gĩtiiro ni mali ya jamii, na kwamba mama huyo naye aliipokea kwa waliomtangulia. Dai hili lina ukweli, ila halitoshelezi. Mapokeo hayajitamki yenyewe. Sharti apatikane mtu wa kuyakumbuka, kuyateua na kuyatoa mahali panapostahili. Kazi hiyo ni utunzi.

Wengine watasema kwamba kulificha jina kulikuwa stara. Hoja hii ina uzito zaidi. Mwandishi mwenyewe alikuwa amewekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, na katika miaka ya themanini kumtaja mtu kungaliweza kumponza. Hata hivyo, stara ina muda wake. Hatari ikishapita, kimya kilichokuwa ngao hugeuka kuwa dhuluma.

Mwanahistoria basi hana budi kujihadhari na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuziba pengo kwa jina la kiongozi, hata jasho la kijiji likawa sifa ya mtu mmoja. Cha pili ni kuliziba kwa ubunifu, akampa marehemu maneno ambayo hakuyasema. Njia ya haki ni ngumu zaidi: kuwaendea wazee wangali hai, kuwauliza, kuwaomba idhini, na pale jibu linapokosekana, kuliacha pengo lionekane kuwa pengo.

Ukumbi ulibomolewa kwa siku moja. Kumbukumbu, kinyume chake, hubomoka taratibu, kila mzee mmoja anapozikwa bila kuulizwa. Ubomoaji huu wa pili hauhitaji polisi. Unatosheka na uvivu wetu sisi wahakiki.