Mbio za Wakorintho na Fainali za Watoto Wetu



Kila mwaka, mvua za masika zikiisha kupungua, huja siku za michezo ya wanafunzi. Wadogo wa shule za msingi wana UMITASHUMTA yao, wakubwa wa sekondari wana UMISSETA, na mashindano huanzia shuleni, yakapanda wilayani, kisha mkoani, kisha taifani. Wanafunzi wakipakiwa garini huko Muleba, hupita Muhutwe na Kemondo wakiimba mpaka sauti zinawakauka, na watu wa kando ya barabara huacha kahawa waliyokuwa wakianika, wakasimama kuwapungia mikono. Wakifika uwanjani Bukoba hukuta mji nao umejipanga, na ngoma zao tayari.

Hatuna neno baya juu ya furaha hiyo. Wako Wakristo wadhanio kwamba mpira ni jambo la dunia tu, asilopaswa mtu wa kanisani kulishughulikia. Wakubwa wenu mnakumbuka jinsi michezo ya shule ilivyosimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kudhaniwa kwamba yawapotezea watoto masomo. Ilirudishwa baadaye, na sisi twashukuru. Mtoto asiyejua kushindwa uwanjani atajifunzia wapi kushindwa? Mtakatifu Paulo mwenyewe hakuona haya kuizungumza michezo. Aliwaandikia watu wa Korintho, mji ambao karibu nao, kila baada ya miaka miwili, yalifanyika mashindano makubwa, na mshindi akavikwa taji ya majani. Katika sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza anawakumbusha mbio hizo, na jinsi wakimbiaji wanavyojinyima mengi kwa ajili ya taji itakayonyauka.

Lakini tusiusome waraka huo kuanzia sura ya tisa. Tuanzie sura ya kwanza. Watu hao hao wenye kupenda mbio walikuwa wamegawanyika vikundi kanisani, huyu akijiita wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Walikuwa wameupeleka ushabiki mahali usipotakiwa. Nasi je? Twasikia, tena si mara moja, ya kwamba fainali ikiisha wako watu ambao Jumapili inayofuata hawapeani mkono wa amani katika Ibada ya Meza ya Bwana. Mmoja ni wa Muleba aliyeolea Bukoba, mwingine ni jirani yake. Bao moja lililokataliwa na mwamuzi limekaa kati yao kama ukuta. Ajabu yake ni kwamba Muleba yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba kabla ya kugawanywa! Na hata tukirudi nyuma zaidi, kwenye Ihangiro na Kyamtwara ya zamani, watu wa pande hizo wameoana na kuzikana tangu enzi za mababu.

Liko jambo lingine zito kuliko hilo, nalo halisemwi kwa sauti. Ni habari ya mamluki. Shule yatamani kombe, basi wakubwa wanamtafuta kijana mwenye miguu myepesi ambaye si mwanafunzi wa pale, pengine hata si mwanafunzi popote, wanampa jezi na jina la mtoto mwingine. Akikaguliwa aitikie jina hilo. Ndugu zetu, mtoto huyo tulimleta kisimani. Alitajwa kwa jina lake mbele ya mashahidi, akamwagiwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Leo watu wazima, baadhi yao waimbaji wa kwaya, wanamfundisha kulikana jina lile kwa ajili ya kikombe cha bati. Na yule mwenye jina, aliyefanya mazoezi miezi yote kwa viatu vya kuazima, anakaa kando akimtazama mtu mwingine akiwa yeye. Paulo anamwambia Timotheo, katika Waraka wa Pili, sura ya pili, ya kwamba mshindanaji hapewi taji asiposhindana kwa halali. Hatujui twawezaje kulisoma neno hilo asubuhi, na jioni tukashangilia.

Ya ndumba zinazofukiwa golini hatutasema mengi. Mnazijua, na mnajua Kanisa linavyozisema.

Tena, mnaitwa kushangilia shule, na wengi wenu mnafika wakati wa mpira wa miguu tu. Netiboli ya wasichana huchezwa asubuhi jua likiwaka, watazamaji wakiwa ni mwalimu wao na watoto wachache waliokosa pa kwenda. Hao nao ni binti zenu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipoipiga Kagera, zaidi ya watu 15 walikufa na maelfu wakakosa nyumba. Majengo ya Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya, shule ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na mashabiki wasiopatana. Wanafunzi wakapelekwa kwa muda katika shule nyingine, wakalala mabweni ya watu waliokuwa wapinzani wao uwanjani. Hakuna aliyeuliza siku ile nani alimfunga nani. Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Waislamu walibeba mabati pamoja. Ndivyo asemavyo Paulo katika sura ya kumi na mbili: kiungo kimoja kikiumia vyote huumia, na kimoja kikitukuzwa vyote hufurahi. Sehemu ya kwanza tuliitimiza mwaka ule pasipo kufundishwa. Hii ya pili ndiyo inayotushinda, maana kulia pamoja na jirani ni rahisi kuliko kufurahi naye anapobeba kombe ulilolitaka wewe.

Kwa hiyo, Jumapili itanguliayo fainali tutaziombea shule zote mbili katika sala za watu wote, kila moja kwa jina lake, na wala isiwe ya kwetu kwanza. Wazazi na walimu wanaojua ya kwamba katika orodha yao limo jina lisilo la mwenyewe, walitoe kabla ya siku hiyo, hata kama ni la mfungaji bora. Wageni wataokuja kutoka upande wa pili watahitaji chakula na mahali pa kulala. Akina mama wenye nafasi wamwone katekista wa mtaa wao mapema. Ndizi na maharage yatapokelewa kanisani kuanzia Ijumaa asubuhi.