Mtoto wa Gari Gani?

Katika nchi yetu mtu mzima akishapata mtoto hupoteza jina lake, wala hasikitiki. Aliyekuwa akiitwa kwa jina la ubatizo au la ukoo hugeuka kuwa Mama Asha au Baba Juma. Mtaani, sokoni na msibani ataitwa hivyo mpaka azeeke. Desturi hiyo imebeba maana kubwa kuliko tunavyofikiri. Inasema kwamba sifa ya mzazi imo katika mtoto wake, na kwamba mwanadamu hujulikana kwanza kwa wale anaowalea, kisha ndipo ajulikane kwa vile anavyomiliki.

Napenda, ndugu msomaji, tutazame mahali pamoja ambapo desturi hiyo imepinduliwa juu chini. Mahali penyewe ni lango la shule, hususan shule za kulipia za Dar es Salaam, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Hapo mtoto ndiye anayepewa jina na mzazi, na jina lenyewe si la mtu bali ni la gari. Utawasikia watoto wakisema: yule wa V8, yule wa kile kigari chekundu, yule anayeletwa na bajaji. Mwalimu ana jina lake daftarini, lakini wenzake wana jina jingine walilolisoma langoni.

Na kusoma wanajua. Namba za magari yetu zinazotumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina herufi tatu baada ya tarakimu, na herufi ya kwanza huonyesha zamu ya gari kusajiliwa. Tulianza na A, tukapita B, C na D, na sasa tumefika E. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado hajui kugawanya anajua kwamba gari la namba E limesajiliwa karibuni, na kwamba la namba A limemzidi umri. Asilolijua, na wengi wetu tunalisahau, ni kwamba herufi hiyo haisemi gari liliundwa lini. Gari lililochoka huko Japani linaweza kubandikwa namba E likaonekana bwana harusi. Hata kipimo chenyewe, basi, kinadanganya.

Mambo haya hayakuanza leo. Mara baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walizua neno Wabenzi, wakawahesabu wenye magari ya Mercedes-Benz kama kabila jipya, kabila lisilo na kijiji wala jadi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba za kupangisha. Gari la kutembelea halikuwamo katika orodha hiyo. Nadhani ni kwa sababu lilihesabiwa kuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi hakimnyonyi mtu. Katika mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isimtenge mwanafunzi na jamii iliyomtuma kusoma.

Kisha nyakati zikabadilika. Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kumiminika bandarini. Katika miaka ya 1990 shule za watu binafsi zikaongezeka. Mikondo hiyo miwili ilikutana langoni. Watu wakapata uwezo wa kuchagua shule, na wakapata uwezo wa kuchagua gari la kufikia shuleni. Magari yakapewa majina ya mitaani. Yale makubwa yakaitwa mashangingi, neno ambalo kwa asili halikuhusu gari hata kidogo, bali lilimhusu mwanamke mwenye makeke. Yaliyochakaa yakaitwa mikweche.

Sasa hebu tujiulize: je, kuna ubaya gani? Mwenye gari kubwa ana hoja zake, na si haki kuzipuuza. Atasema kwamba amelitafuta kwa jasho lake na kulilipia ushuru. Atasema kwamba wakati wa masika barabara za mitaa yetu hugeuka mito, na gari lililoinuka ndilo linalopita. Atasema pia kwamba anao watoto wanne na wa ndugu yake wawili, je, awapakie wapi? Yote hayo ni kweli. Tena yule anayelitazama kila gari kubwa na kunong'ona kwamba mwenyewe ni mwizi naye amempima mtu kwa gari, ila tu ameushika mzani upande wa pili. Kijicho na majivuno ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini kuna hoja nyingine ambayo huwa siikubali kwa urahisi. Ni hoja ya mzazi asemaye: “Sinunui gari hili kwa ajili yangu. Nanunua ili mwanangu asidharauliwe na wenzake.” Maneno haya ni matamu kwa sababu yana upendo. Hata hivyo yanastahili kuchunguzwa.

Adam Smith, yule mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alitoa mfano wa shati la kitani. Alisema shati hilo si lazima kwa uhai, maana Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani. Lakini katika Ulaya ya wakati wake kibarua mwenye kujiheshimu angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo. Kwa hiyo, alisema, vitu vya lazima si vile tu vinavyotuweka hai, bali pia vile ambavyo desturi ya nchi imefanya ukosefu wake uwe fedheha, hata kwa mtu wa tabaka la chini.

Je, gari la kumfikisha mtoto langoni ni shati la kitani? Mimi nasema la. Shati la Smith lilikuwa la kumwingiza mtu miongoni mwa wenzake. Kibarua akilivaa hamvui mwenzake. Shuleni tunalo shati la namna hiyo, nalo ni sare. Kwa sare mtoto wa waziri na mtoto wa muuza samaki huweza kuketi dawati moja bila nguo kuwasemea. Gari linafanya kinyume. Thamani yake pale langoni inatokana na wengine kutokuwa nalo. Siku ambayo wote watakuja na V8, V8 itakuwa mkweche na patatafutwa kitu kingine. Mzazi anayenunua heshima ya mtoto wake kwa njia hii anainunua kutoka katika mfuko wa mtoto wa jirani. Na kama amelinunua kwa mkopo unaokatwa katika mshahara miaka mitano, huku ada ya muhula ikicheleweshwa, basi wahenga walikwisha kumwambia: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nasema haya nikiwa mzazi, wala si mtazamaji wa pembeni. Gari letu ni Toyota Corolla ya namba B, lililokwisha kupakwa rangi mara mbili, na mlango wa nyuma hufunguka kwa nje tu. Binti yangu alipokuwa darasa la nne aliniambia asubuhi moja tukiwa njiani:

“Mama, leo nishushe pale kwenye duka la dawa. Nitatembea.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Basi tu.”

Kutoka duka la dawa hadi langoni ni mwendo wa hatua mia mbili hivi. Sote wawili tulijua kwamba hakuwa anataka mazoezi.

Jioni jambo hilo lilijadiliwa nyumbani. Baba yake alisema apelekwe hadi langoni, apende asipende, asije akajifunza kuwaonea haya wazazi wake. Shangazi yake, aliyekuwa amekuja kututembelea, alisema tutafute gari jingine, tusimtese mtoto wa watu kwa ubahili wetu. Niliwasikiliza wote, nikaona kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo. Baba alitaka kuiponya haya kwa nguvu, na shangazi alitaka kuiponya kwa fedha. Hakuna kati yao aliyeuliza kama mtoto alikuwa mgonjwa.

Lugha yetu inajua kutofautisha. Kuna haya na kuna aibu. Haya ni staha ya mtu anayejua kwamba anatazamwa, na asiyekuwa nayo kabisa hatumsifu. Aibu ni doa la mtu aliyetenda lisilofaa. Mtoto yule alikuwa na haya, lakini mahali alipo palikuwa pamemfundisha kuiita aibu. Gari kuukuu si kosa la mtu. Kazi yangu haikuwa kumwondolea haya. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia aone kwamba mahali hapo hapakuwa na aibu yoyote ya kubeba.

Kwa hiyo nilimshusha kwenye duka la dawa kama alivyoomba, siku ile na siku zilizofuata. Jumamosi tulipokuwa tukiosha gari pamoja nilimsimulia lilikopita. Nilimwambia kwamba ndilo lililomkimbiza bibi yake hospitali usiku wa mvua. Ndilo lililobeba mifuko ya saruji ya chumba anacholala. Jirani yetu nusura ajifungulie katika kiti kilekile anachokalia yeye. Usione vyaelea, vimeundwa. Hakusema kitu, aliendelea kusugua matairi. Tangu wakati huo kuna siku anashuka kwenye duka la dawa na kuna siku anasema twende mpaka mwisho. Sijamwuliza sababu. Naamini ni haki yake kulimaliza jambo hilo kwa mwendo wake mwenyewe.

Lakini si haki kumwachia mtoto peke yake mzigo ambao sisi watu wazima ndio tuliouweka langoni. Mtoto hazaliwi akijua tofauti ya namba B na namba E. Anajifunza kwa kututazama. Anamwona mlinzi akikimbia kufungua lango kwa gari kubwa na kulisimamisha dogo kwa kiganja. Anamwona mwalimu akiinama dirishani pa mzazi mmoja na kumwitikia mwingine kwa kichwa. Anawaona wenzake wanaokuja kwa daladala, ambao alfajiri wamekataliwa na makonda wawili watatu kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo, wakichelewa na kuadhibiwa, ilhali aliyechelewa ndani ya gari anapokelewa kwa tabasamu. Na siku ya mvua anaona gari likipita dimbwini kwa kasi na kuwarushia matope watoto wanaotembea kwa miguu na soksi zao nyeupe. Hapo ndipo penye aibu ya kweli, na mwenye kustahili kuibeba hayumo miongoni mwa wale waliochafuka.

Basi tufanye nini? Sidai watu wauze magari yao. Alilopata mtu kwa halali ni lake, na unyenyekevu wa kuigiza, wa kuacha gari kubwa nyumbani na kuja na dogo ili usifiwe, ni majivuno yaliyovaa kanzu. Nadai mambo madogo yanayowezekana. Shule iweke utaratibu kwamba magari yote, makubwa na madogo, yasimame mbali kidogo na lango, na watoto wote wamalizie safari kwa miguu. Hatua hamsini zinatosha; katika hatua hizo atatembea mwanafunzi mwenye sare, basi. Mlinzi afungue lango kwa kufuata zamu. Mzazi apunguze mwendo penye dimbwi. Mwenye nafasi katika gari amchukue mtoto wa jirani aliyesimama kituoni tangu saa kumi na moja, maana kiti kitupu katika gari la fahari ni ushahidi mbaya kuliko gari lenyewe.

Na nyumbani tuangalie ndimi zetu. Mtoto anapotusimulia habari za rafiki mpya, wengi wetu tunauliza upesi: baba yake anafanya kazi gani, wanakaa wapi, anakuja na nini? Swali hilo la tatu ndilo linalozaa majina ya langoni. Mimi nimejizoeza kuuliza jina lake ni nani na wanacheza nini. Mara nyingi, baada ya wiki mbili tatu, mama wa mtoto huyo namfahamu kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi yetu, kabla sijajua anaendesha gari gani.