Safari Zetu na Hewa ya Jirani

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu. Mvua iliyoandamana nacho iliikata barabara kuu ya Dar es Salaam wilayani Kilwa, mabasi na malori yakakwama, na kwa siku kadhaa sisi watu wa Lindi na Mtwara tukawa kama watu wa kisiwani. Kimbunga si jambo geni kwetu, kwa maana tarehe 15 Aprili 1952 kimoja kiliupiga mji wa Lindi wenyewe. Wala wataalamu hawasemi ya kwamba kila dhoruba yatokana na moshi wa wanadamu. Watufundisha hili: bahari ikizidi kupata joto, dhoruba hupata nguvu zaidi na mvua nyingi zaidi, na joto hilo laongezwa na makaa ya mawe, dizeli na petroli tunazochoma. Lita moja ya petroli, ambayo uzito wake haufiki hata kilo 1, ikiungua hutoa hewa ya ukaa yapata kilo 2.3, kwa sababu huungana na hewa tunayovuta.

Mkulima wa Milola aweza kutujibu: “Mimi naenda shambani kwa miguu, ufuta wangu naubeba kwa baisikeli. Pikipiki zetu chache ni nini mbele ya magari ya Ulaya na Marekani?” Asema kweli, nasi hatuna haki ya kumlaumu. Aliyechoma kidogo ndiye aliyekatiwa njia. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisema wazi kwamba mataifa tajiri yana deni kwa maskini katika jambo hili. Haki yadai wao watangulie.

Hata hivyo, je, haki ya mwenzetu kutangulia yatupa sisi ruhusa ya kukaa? Bwana wetu alipomtazama mjane akitia sarafu mbili hekaluni, hakuhesabu fedha, alitazama moyo. Tena liko jambo lililo karibu zaidi kuliko Ulaya. Moshi mweusi wa injini isiyotunzwa huingia kwanza katika kifua cha mtoto anayetembea kando ya barabara. Oili chafu tunayoimwaga nyuma ya nyumba hufuata maji ya mvua mpaka bondeni, wanakochota jirani zetu, Wakristu kwa Waislamu. Dhambi hiyo hatuwezi kuwatwika watu wa mbali.

Tusieleweke vibaya. Injini si dhambi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, pikipiki ikamfikisha zahanati, amepata kile alichopata yule mtu aliyejeruhiwa njiani, Msamaria alipompandisha juu ya mnyama wake. Vijana wa bodaboda nao hula jasho lao, na wengi walisha wazazi na wadogo zao. Tunachokemea ni uharibifu na majivuno. Katika vijiji vyetu imezuka aibu mpya: mtu akionekana juu ya baisikeli huhesabiwa ameshindwa maisha, na katekista akifika kigangoni kwa miguu hupokewa kwa kicheko. Nasi twauliza: Bikira Maria alikwenda kwa Elizabeti katika nchi ya milima kwa chombo gani? Bwana wetu aliizunguka Galilaya kwa nini, kama si kwa miguu? Katika njia ya Emau alitembea pamoja na wanafunzi wawili wenye huzuni, akawafafanulia Maandiko. Apitaye mbio hana nafasi ya kusikia huzuni ya mwenzake.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, kabla ya kuwasha injini, tujiulize kama miguu yatosha. Dukani na kwa jirani ni mwendo mfupi. Pikipiki iachwe ipumzike. Pili, baisikeli irudishiwe heshima yake. Na mzazi awezaye kununua, amkumbuke binti aendaye shule ya mbali sawasawa na kijana wa kiume. Tatu, tusafiri pamoja. Basi lililojaa kwa kiasi cha haki hugawanya moshi wake kwa watu wengi. Gari linalobeba mtu mmoja halina wa kugawana naye. Wenye magari, na sisi tulio katika kazi za Kanisa tukiwa wa kwanza, tupange safari za mjini siku moja badala ya tatu, na kiti kitupu apewe mgonjwa au bibi mwenye mzigo. Nne, anayeishi kwa injini aitunze: achujie hewa safi, abadilishe oili kwa wakati, na ile chafu aiweke katika dumu lenye kifuniko, wala asiimwage ardhini.

Ndugu zetu walioko mijini wana njia zaidi. Dar es Salaam ina mabasi ya mwendokasi tangu mwaka 2016, na treni ya umeme yafika Dodoma tangu mwaka 2024. Gesi asilia, iliyogunduliwa Songosongo, Kilwa, mwaka 1974, leo huendesha baadhi ya magari na bajaji. Nayo huchafua hewa kidogo kuliko petroli, ingawa haikosi ukaa. Nao wenye mamlaka twawaomba kwa heshima: barabara zinapojengwa, pawepo njia salama ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Haifai kumsifu mtembeaji siku ya Dominika na kumwacha agongwe siku ya Jumatatu.

Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Bustani yetu ni pwani hii na mabonde haya. Tuanze Dominika ijayo: kila jumuiya ndogondogo ikubaliane ni nani watakaokwenda Misa kwa miguu pamoja, na nani, kwa sababu ya uzee au ugonjwa, atakayepandishwa garini. Hivyo safari yetu yenyewe itakuwa mwanzo wa sadaka tunayokwenda kuitoa altareni.