Sadaka Isiyopunguza Mfuko

Lugha yetu ina maneno mengi ya kutoa, na kila neno lina mpaka wake. Zawadi hutolewa kwa mapenzi, wala haulizwi mpewa kama ni mhitaji. Zaka ni haki ya maskini iliyomo katika mali ya mwenye nacho. Aitoaye hafanyi hisani, bali hutimiza wajibu. Kodi hudaiwa na mwenye mamlaka, na asiyelipa hushitakiwa. Sadaka ni kile ambacho mtu hukitoa bila ya kudaiwa na yeyote, kwa kujipunguzia mwenyewe. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko ni la shina moja na neno kusadiki. Kwa hiyo sadaka, kwa asili yake, ni kutoa kunakothibitisha ukweli wa moyo. Ukweli huo huonekana kwa upungufu: mtu alikuwa na kumi, sasa ana tisa.

Basi mtu akitoa moja katika kumi zake, kisha Serikali ikamrudishia moja hiyo hiyo, zikawa kumi tena, tendo lake tuliite nini? Hili si fumbo la kuchezea darasani. Ni sheria katika majimbo mengi ya Marekani, na tangu mwaka 2025 imekuwa sheria ya Serikali Kuu ya nchi hiyo.

Jimbo lililotangulia ni Arizona. Mwaka 1997 lilipitisha sheria iliyomruhusu mlipa kodi kupeleka fedha, hapo mwanzo zisizozidi dola 500, kwa chama cha kufadhili masomo. Chama hukusanya michango na kuwalipia watoto ada katika shule za binafsi, za dini na zisizo za dini. Mtoaji naye hufutiwa kodi ya jimbo, dola kwa dola. Tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu ni shahidi mwaminifu kuliko maneno. Mtu anadaiwa kodi ya dola 2,000. Asipotoa kitu, atalipa 2,000. Akitoa 500 kwa chama, deni lake litabaki 1,500; zijumlishe, utaona zimemtoka zile zile 2,000. Usiku wa siku hiyo aliyetoa na asiyetoa wanalala na mifuko iliyo sawa.

Haya si sawa na desturi ya zamani, ijulikanayo katika nchi nyingi, ya kuiondoa sadaka katika pato la mtu kabla ya kodi kukadiriwa. Kwa desturi hiyo, mtu anayetozwa asilimia 22 akitoa dola 500 hupata nafuu ya dola 110, na dola 390 zimemtoka kweli kweli. Serikali imemsaidia kujitwisha, lakini mzigo kaubeba yeye. Katika sheria ya Arizona mzigo wote umebebwa na hazina. Tena ulikuwako wakati ambapo baadhi ya watoaji walipata hata faida: walifutiwa kodi yote ya jimbo kwa mchango wao, kisha wakautaja mchango huo huo mbele ya Serikali Kuu ili wapunguziwe na kodi ya huko. Mtu alitoa mia, akarudishiwa zaidi ya mia. Idara ya kodi ya Marekani iliuziba mwanya huo kwa kanuni za mwaka 2019. Neno la sadaka iletayo faida taslimu halimo katika kamusi zetu, isipokuwa tukiazima neno biashara.

Watetezi wa sheria hizi si watu wa kudharauliwa, wala hoja yao si nyepesi. Iliwekwa wazi mwaka 2011 mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Walipa kodi kadhaa wa Arizona walilalamika kwamba mpango huo wapeleka fedha za umma katika shule za dini, kinyume cha Katiba. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kuleta shauri hilo. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alishika neno moja kubwa: fedha hizo hazikupata kuingia hazinani. Zilitoka katika mfuko wa mtu, kwa hiari yake, zikaenda kwa chama alichokichagua. Na kuziita za Serikali ni kudhani kwamba kila senti ya raia ni ya Serikali hata iwe haijamfikia mtoza kodi. Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya wanne, alijibu kwamba ruzuku itokayo hazinani na kodi iliyofutwa kwa kusudi lile lile ni njia mbili za kufika mahali pamoja.

Hoja ya Jaji Kennedy ina heshima yake. Nani kati yetu angependa kuishi chini ya Serikali iaminiyo kwamba mshahara wake wote ni mali yake, na kinachobaki mkononi mwa mfanyakazi ni hisani? Lakini kati ya mali yangu na deni langu kuna umbali ambao hoja hiyo huuruka. Nikidaiwa shilingi mia na jirani yangu, mia iliyo mkononi mwangu ni yangu kwa kuishika. Jirani akiniambia, "Usiniletee mimi, mpelekee fundi mmojawapo wa hawa wanaonijengea nyumba," nami nikaenda nikampa fundi nimpendaye, je, nimetoa zawadi? Sikutoa. Nimelipa deni kwa mkono wa fundi. Kweli nilimchagua fundi mmoja nikawaacha wengine. Kweli fedha hazikupita mikononi mwa jirani. Lakini hayo mawili hayanifanyi karimu. Kilichokuwa changu katika jambo zima ni uteuzi peke yake.

Hapo ndipo naona kiini cha swali. Mtoaji wa namna hii hatoi mali. Hutumia madaraka ya kuamua sehemu ya mali ya wote iende wapi. Na mwenye kushika mali ya wote kwa muda, ili aiweke panapostahili, lugha yetu imekwisha kumpa jina: ni mwenye amana. Mwenye sadaka huambiwa tenda wema nenda zako, na hakuna mtu wa kumfuata nyuma. Mwenye amana hafunguliwi mlango huo. Yeye hudaiwa hesabu, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Ajabu ni kwamba sheria zenyewe zalijua jambo hili, ijapokuwa midomo ya wenye kuzisifu hailitamki. Arizona hukiamuru chama kitumie angalau asilimia 90 ya mapato yake kwa ufadhili wa watoto. Humkataza mtoaji kumtengea fedha mwanawe mwenyewe. Huwakataza hata wazazi wawili kupatana, "Wewe mtajie wangu, nami nitamtaja wako." Makatazo haya ni mema, lakini tuyatazame yanasema nini. Mtu hakatazwi kumpa mwanawe zawadi. Hukatazwa kumpa mwanawe amana ya watu.

Ikiwa ni amana, lafaa tuulize imewekwa mikononi mwa nani. Sheria ya Serikali Kuu, iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, humfutia mtu kodi hadi dola 1,700 kwa mwaka, kwa michango ya kuanzia tarehe 1 Januari 2027 kwa vyama vya majimbo yatakayokubali kuingia katika mpango huo. Watoto wa shule za serikali nao waweza kufaidika, na hilo ni jema. Lakini kufutiwa kodi kwataka kuwa na kodi. Mama mwenye ujira mdogo, asiyedaiwa kodi ya pato, hana cha kufutiwa. Mwanawe aweza kuwa miongoni mwa wapokeaji. Yeye hawezi kuwa miongoni mwa wateuzi. Katika sanduku la kura, sauti yake ni sawa na ya jirani yake tajiri. Katika jambo hili jirani ana sauti ya dola 1,700, na yeye hana hata ya senti.

Siyasemi haya ili watoto wanyimwe ada. Mtoto aliyekwama katika shule isiyomfaa, akapata njia ya kwenda kwenye shule inayomfaa, amepata kheri ya kweli. Na mwenye njaa haulizi chungu ni cha nani. Yamkini pia kwamba wateuzi wengi wadogo huona mahitaji ambayo ofisi moja kubwa haiyaoni. Nakubali hayo yote. Lakini hizo ni hoja za kutetea ruzuku ya umma inayogawiwa kwa mikono ya watu binafsi, na ruzuku ya umma hujadiliwa hadharani: ni kiasi gani, kwa nani, kwa kupunguza nini mahali pengine. Jina la sadaka huyafunika maswali hayo, kwa maana ni nani mwenye adabu atakayesimama kumhoji mtoa sadaka? Tena humtwika mtoto deni la shukrani kwa mtu ambaye hakupungukiwa na kitu. Akitaka kuandika barua ya kushukuru, bahasha moja haitamtosha. Wanaostahili barua hiyo ni wote waliochangia hazina ya jimbo lake, na katika Arizona mmoja wao ni mama yake mwenyewe, ambaye hulipa kodi kila anapomnunulia viatu vya shule.