Chombo Kidumucho Hula Nini?

Iko sifa moja ambayo watu wengi huvipa vyombo vya nyumbani vya zamani, nayo ni kwamba vilidumu. Husemwa ya kuwa jokofu la babu lilikaa miaka 30 pasipo kuguswa na fundi, na la leo halimalizi mitano. Kwamba pasi ya kale ilikuwa chuma kitupu, na ya leo hupasuka ikianguka mara moja. Sifa hiyo ina kweli ndani yake, wala hatutaki kuibeza. Lakini yafaa tuulize swali ambalo aghalabu haliulizwi: Chombo hicho kikidumu, hula nini? Na hicho kinacholiwa, hutoka katika mfuko wa nani? Maana kila chombo cha moto, cha nuru au cha baridi hulipiwa mara mbili: mara ya kwanza dukani, na mara ya pili kila siku nyumbani. Mtu ahesabuye malipo ya kwanza tu, huyo hajahesabu bado.

Katika mji wa Livermore, jimbo la California, huko Marekani, iko globu moja ya umeme katika nyumba ya wazima moto. Iliwashwa mwaka 1901, na hata leo inawaka. Imezimika mara chache tu, kama vile ilipohamishiwa nyumba mpya mwaka 1976. Watu hutoka mbali kwenda kuitazama, nao husifu kazi ya wazee. Lakini ni wachache watajao mwanga wake. Globu hiyo sasa hutumia wati 4 hivi, na nuru yake ni hafifu, kama ya taa ndogo iachwayo usiku kwa ajili ya mtoto.

Sababu yake si fumbo. Ndani ya globu za namna ile mna uzi mwembamba unaotiwa moto na umeme. Uzi ukipata moto mkali, hutoa nuru nyingi, lakini hulika upesi. Ukipata moto mdogo, hudumu, lakini umeme karibu wote hugeuka kuwa joto la bure. Basi globu ile hudumu sana kwa kuwa hufanya kazi kidogo. Mtu akitaka nyumba nzima iangazwe kwa taa za jinsi hiyo, angehitaji kutundika nyingi mno, na malipo ya umeme yangemshinda.

Hata hivyo, tusiwaachilie watengenezaji pasipo neno. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya globu, miongoni mwao Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yalipatana huko Geneva ya kuwa globu ya kawaida isipite saa 1,000 za kuwaka, ingawa hapo kwanza nyingi zilidumu kuliko hizo. Kampuni ambayo globu zake zilizidi kipimo ilitozwa faini. Mapatano hayo yalivunjika vita kuu ya pili ilipoanza mwaka 1939. Watetezi wake walisema ya kwamba globu yenye maisha mafupi hutoa nuru bora kwa umeme ule ule, na neno hilo si uongo, kama tulivyokwisha kuonyesha. Lakini mtu amtendeaye mnunuzi mema hana haja ya kumficha, wala ya kumtoza faini mwenzake kwa kosa la kufanya kazi yake vizuri. Kuuza chombo kilichopimiwa siku ya kufa, pasipo kumwambia mnunuzi, ni wizi, hata kama mizani ya duka ni sawa. Ndiyo maana nchi ya Ufaransa iliweka sheria mwaka 2015 ya kumwadhibu afupishaye maisha ya chombo kwa makusudi. Na tangu mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zimewalazimisha watengenezaji wa majokofu na mashine za kufulia kuweka vipuri kwa muda wa miaka 7 au 10, ili chombo kisitupwe kwa kukosa kipande kidogo.

Tutazame sasa jokofu, ambalo wengi huliita friji, kwa sababu chombo hiki hakina saa ya kupumzika. Hula mchana, hula usiku, mwenyewe akiwapo au akisafiri. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza mwaka 1927 kuuza jokofu lililobeba mtambo wake juu ya kichwa, likaitwa Monitor Top. Yaliuzwa zaidi ya milioni moja, na mengine yangali yakifanya kazi mikononi mwa watu wapendao vitu vya kale, kwa kuwa mtambo wake ulifungiwa kabisa ndani ya chuma pamoja na mafuta yake. Huo ni ushuhuda mwema wa mafundi wake. Lakini hewa iliyotiwa ndani ya mengi ya hayo ilikuwa dioksidi ya salfa, ambayo ikivuja huchoma macho na kifua.

Je, yale ya zamani yalikula sana? Hapa msomaji atastaajabu. Jokofu la wastani lililouzwa Marekani mwaka 1947 lilitumia uniti zisizofika 500 kwa mwaka. Lile la katikati ya miaka ya 1970 lilitumia yapata uniti 1,800. Lilikuwa kubwa zaidi, lilitiwa vipasha joto vya kuyeyusha barafu, na kuta zake na mota yake zilifanywa kwa kuangalia bei ya dukani, si malipo ya kila siku. Maana umeme ulikuwa rahisi wakati ule. Ndipo jimbo la California lilipoweka vipimo vya sheria katika miaka ya 1970, na serikali ya nchi nzima ikafuata kwa sheria ya mwaka 1987. Baada ya kipimo cha mwaka 2001, jokofu jipya lilitumia karibu robo tu ya lile la miaka ya 1970, wala baridi yake haikupungua. Katika hayo twajifunza ya kuwa umri peke yake si kosa, wala upya peke yake si wema. Chombo hupimwa kwa kazi kiifanyayo na kwa chakula kilacho.

Mfano mwingine u karibu nasi zaidi. Mwaka 1922 vijana wawili waliokuwa wanafunzi huko Stockholm, katika Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jokofu lisilo na mota, ambalo hupata baridi kwa moto mdogo uchemshao maji yenye amonia. Kampuni ya Electrolux ikalieneza. Jokofu hilo likiwashwa kwa mafuta ya taa, halihitaji waya wala mtambo. Halipigi kelele, na kwa kuwa halina chuma kinachozunguka, hudumu miongo mingi. Hospitali na misheni nyingi za Afrika zilizokuwa mbali na umeme zilihifadhi dawa zao humo, na baadaye chanjo za watoto. Twapaswa kulishukuru. Lakini lilikula yapata lita moja ya mafuta kila siku, na mengine zaidi. Kwa miaka 10 hizo ni lita 3,650, yaani mapipa 18 ya lita 200, yaliyoletwa kwa gari au kwa vichwa vya watu. Tena ilibidi mtu akate utambi na kuangalia mwali; ukizidi, chanjo huganda, na ukipungua, huharibika kwa joto. Siku hizi yako majokofu yaendeshwayo na nguvu ya jua, na vituo vingi vimeyapokea badala ya yale. Kama mganga angelishika lile la kale kwa sababu tu halijafa, angeliheshimu chuma kuliko mtoto.

Lakini tusivunje kila cha kale kwa pupa. Tazameni cherehani ya mkono au ya miguu. Kiwanda cha Singer kule Clydebank, katika Uskoti, kilizifanya tangu mwaka 1885 hata mwaka 1980, na nyingi zingali zikishona katika baraza za mafundi wetu. Cherehani hii hula nini? Matone machache ya mafuta, na mwendo wa miguu. Hapa kudumu ni faida tupu, na mtu aiuzaye kama chuma chakavu ili anunue ya plastiki amejipunja. Hali kadhalika kinu, jembe, meza na sufuria nzito. Basi kanuni ni hii: chombo kisichokula, kitunze kidumu, chombo kilacho, kipimie chakula chake kabla ya kukisifu.

Huenda msomaji akajibu, "Maneno haya ni ya matajiri. Mimi nina jokofu la mtumba kwa kuwa sina fedha za jipya." Neno lake ni la haki, nasi twataka kulipima pamoja naye. Tuseme jokofu lake hula uniti 3 kwa siku, na jipya dogo lingetumia 1. Na tuseme uniti moja ni shilingi 300. Tofauti ni uniti 2 kwa siku, ambazo ni 730 kwa mwaka, yaani shilingi 219,000. Kwa miaka 5 ni shilingi 1,095,000. Mama yule aliyeshindwa kutoa fedha nyingi siku moja amezitoa kidogo kidogo, pengine akazidisha, wala hakuona zilipokwenda. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza. Basi hatumlaumu mama huyu. Mlango wa dukani ulikuwa mwembamba kwake. Lawama ni yetu sisi tulio na vyama vya kuweka na kukopa, ikiwa twakopesha fedha kwa sherehe ya siku moja, na hatukopeshi kwa chombo ambacho kingejilipa chenyewe kwa akiba ya umeme.

Na hapa twafika penye jambo zito kuliko yote, nalo ni sadaka. Mtu hununua jokofu jipya, kisha la zamani hulipeleka kwa mjane, au kwa jamaa wa shambani, au katika jiko la usharika, akisema, "Bado ni zima kabisa." Naye hupokewa kwa shukrani. Lakini ametoa nini? Ikiwa chombo hicho kilimshinda yeye mwenye mshahara kwa ulaji wake, kitamfanyaje yule asiye na mshahara? Amempa kinywa kingine cha kulisha, akajiita mfadhili. Yanayotendeka kati ya jirani na jirani hutendeka pia kati ya nchi na nchi. Majokofu yaliyochoka huko Ulaya yamepakiwa melini kwa wingi kuja Afrika, mengine yakiwa na hewa za kuharibu tabaka la ozoni, ambazo mataifa yalipatana kuziacha katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nchi ya Ghana ilitunga kanuni mwaka 2008 ya kukataza majokofu yaliyokwisha kutumika, na tangu mwaka 2013 ikaanza kuyazuia kuingia. Wako waliolalamika, maana wauzaji walipoteza riziki, na maskini walipoteza bei rahisi. Maumivu hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo twaona ya kuwa nchi ile iliuliza swali jema: kitu hiki tunachopewa rahisi, tutakilipia lini?

Hatusemi mtu asitoe cha zamani. Twasema atoe kwa kweli. Kwanza akipime. Asome mita yake asubuhi, vyombo vingine vikiwa vimezimwa kadiri iwezekanavyo, na asome tena kesho saa ile ile. Hapo atajua chombo hula uniti ngapi. Pili akitengeneze. Afunge karatasi katika mlango wa jokofu. Ikichomoka bila kushikwa, mpira umechoka, nao hubadilishwa na fundi kwa gharama ndogo kuliko ya jokofu jipya. Afute vumbi la mabomba ya nyuma, akiondoe karibu na jiko na penye jua, akiachie nafasi ya kupumua ukutani. Mara nyingi chombo kilichoitwa mlafi kilikuwa kigonjwa tu. Tatu, amwambie anayepokea hesabu aliyoipata, asimfiche. Na ikiwa hesabu ni mbaya, hakifai kuwa zawadi. Na apelekewe fundi ajuaye kutoa hewa yake na kutumia chuma chake tena, wala kisitupwe korongoni.

Tena anayenunua kipya asidhani ya kuwa amekwisha kutenda haki. Kila chombo kipya kimechimbiwa chuma na kuchomewa makaa kabla hakijafika dukani. Akikitupa baada ya miaka mitatu kwa sababu rangi imepitwa na wakati, amekula kuliko jokofu la babu. Wala asinunue kile ambacho fundi wa mji wake hana spea zake.

Ndugu zetu, waliotutangulia walituachia vyombo vizito na tabia ya kuvitunza. Vyombo vingine vimekwisha wakati wake. Tabia ile haijaisha. Walipokuwa wakipaka mafuta cherehani na kukata utambi, hawakuwa wakiabudu chuma, bali walikuwa wakiwatunza watu waliokitegemea. Nasi tukitaka kuwafuata, tusiulize tu kama chombo kitatuzidi umri. Tuulize ni nani atakayekilisha, na kama tumemwambia.